Majirani Soweto, Mbeya: hali fiche inaficha nini?

Mama Sekela: Jamani, ule ujumbe unaosambazwa kwamba ukifungua Chrome kwenye hali fiche (incognito) hata Google hawakuoni, msiuamini.

Fundi Ambele: Shikamoo mama. Kweli kabisa. Hali fiche inakuficha kwa atakayeshika simu baada yako, basi. Ukifunga vichupo (tabs) vyote vya hali hiyo, historia na vidakuzi, yaani vile vialama tovuti zinavyokuwekea ili zikutambue, vinafutika kwenye simu. Tovuti bado inaona IP yako, yaani anwani unayotumia kwenye intaneti. Kampuni ya laini nayo inaona jina la tovuti.

Mwl. Tumpale: Jina la tovuti, si ukurasa. Penye https mwanzoni mwa anwani wanajua umeingia tovuti ya afya, hawajui umesoma ugonjwa gani.

Fundi Ambele: Asante mwalimu. Google walishtakiwa Marekani mwaka 2020 kwa kuwafuatilia watu wakiwa kwenye hali fiche. Mwaka 2024 wakakubali kufuta mabilioni ya rekodi.

Baba Neema: Si tuweke VPN ya bure, ile programu ya kupitisha intaneti yako kwa mtu mwingine, yaishe?

Mama Sekela: Hapo umehamisha macho tu baba Neema. Badala ya kampuni ya laini, anayekuona ni mwenye VPN. Facebook walinunua Onavo mwaka 2013, ikawa VPN ya bure, kumbe inawaonyesha watu wanatumia programu zipi. Ilitolewa kwenye duka la Apple mwaka 2018.

Baba Neema: Duh. Tufanyeje sasa?

Mwl. Tumpale: Anza na Mipangilio > Google > Matangazo > Futa kitambulisho cha matangazo. Simu nyingine wameificha ndani ya Huduma zote. Matangazo hayaishi, ila programu zinakosa ile namba moja ya kukufuatilia nayo.

Mwl. Tumpale: Kisha ingia myactivity.google.com > Shughuli za Wavuti na Programu > Futa kiotomatiki > miezi 3. Chaguo nyingine ni 18 na 36. Wengi wanakosea hapa: wanafuta historia ndani ya Chrome wanadhani wamemaliza, kumbe hii iliyoko kwenye akaunti ya Google ni chumba kingine. Na kama simu ina akaunti mbili, rudia kwa kila moja.

Fundi Ambele: Naongeza moja, kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Simu nyingi zinatoka dukani na Gmail aliyofungua muuzaji. Neno la siri analo yeye, namba ya kurejesha akaunti ni yake. Hapo unawaogopa Google wa California wakati picha zako anaweza kuzifungua kijana wa dukani 😅 Badilisha namba ya kurejesha kwanza, ndipo neno la siri, halafu Usalama > Vifaa vyako, toa usichokijua.

Mama Sekela: Kwa mpangilio huohuo. Ukianza na neno la siri ukalisahau, msimbo unakwenda kwenye laini ya muuzaji.

Baba Neema: Na WhatsApp? Si ujumbe wameusimba, yaani wameufunga mwingine asiusome?

Fundi Ambele: Ujumbe ndiyo, tangu 2016. Nani unaongea naye na saa ngapi, hilo wanalijua. Nakala iliyoko Google Drive haijasimbwa hivyo mpaka uwashe mwenyewe: Mipangilio > Gumzo > Hifadhi nakala ya gumzo > nakala iliyosimbwa mwisho hadi mwisho. Utaweka neno la siri au ufunguo wa tarakimu 64. Ukipoteza, gumzo zile huzipati tena, hata WhatsApp hawana njia.

Baba Neema: Nimewasha. Neno la siri nilitunze wapi?

Mama Sekela: Kwenye daftari ndani. Na ufute hiyo picha uliyotuma humu sasa hivi, linasomeka lote.