Cheti kinasema Ujiji, pasipoti inasema Kigoma: naomba msaada

Kutoka: Binti Ujiji (Leicester)

Ndugu zangu, assalam alaykum, na habari za siku nyingi.

Faili langu la ukaazi limerudishwa na ofisi ya huku. Sababu yenyewe: cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Ujiji, pasipoti (hii ya kielektroniki) imeandikwa Kigoma. Afisa anasema hiyo ni miji miwili, hivyo nithibitishe nilizaliwa wapi hasa. Nimepewa hadi mwisho wa mwezi ujao nilete barua ya "mamlaka husika". Nilimweleza kwa simu kwamba Ujiji na Kigoma ni manispaa moja, akanijibu kwamba maneno yangu si ushahidi.

Swali langu ni moja tu. Barua hiyo anaandika nani? RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), manispaa, ofisi ya DAS (katibu tawala wa wilaya), au ubalozi? Aliyewahi kuipata anielekeze. Mama yupo Rusimbi, yuko tayari kwenda kokote, ila magoti yake siku hizi hayawezi foleni.

Kutoka: Mtoto wa Kibirizi (Toronto)

Pole sana dada. Ingia eRITA uombe uhakiki wa cheti. Mimi ulinisaidia nilipokuwa naomba mke wangu aje. Tatizo langu lilikuwa tarehe: mzee alinisajili nikiwa tayari nasoma, kwa hiyo tarehe ya kuzaliwa na ya kusajiliwa zilipishana miaka, na ofisi ya huku ikadhani cheti kimeghushiwa. Uhakiki ulipofika hawakuuliza tena.

Kutoka: Chumvi ya Uvinza (Oslo)

> Ingia eRITA uombe uhakiki wa cheti.

Kaka, soma swali kwanza. Uhakiki unasema cheti ni halali, basi. Hausemi Ujiji iko wapi. Afisa wa dada hajasema cheti ni bandia, amesema haelewi jiografia yetu.

Kesi inayofanana na ya dada ni yangu. Nimezaliwa Uvinza, cheti kinasema Wilaya ya Kigoma, kwa sababu wakati huo Uvinza haikuwa wilaya. Ilipata wilaya yake 2012, pamoja na Buhigwe na Kakonko. Sasa taarifa zangu za NIDA (za kitambulisho cha taifa) zinasema Uvinza. Mama mdogo aliapa mbele ya wakili, hati ya kiapo ikapigwa mhuri Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozini, ikapokelewa. Dada, nenda na kiapo.

Kutoka: Dada wa Katubuka (Houston)

Kiapo cha ndugu mimi kilikataliwa. Walisema shangazi yangu ana maslahi katika jambo hilo, wakataka karatasi ya serikali. Jamani, mtu akitoa ushauri aseme yuko nchi gani na alikuwa anaomba nini. Ukaazi, uraia na viza ya mke ni mambo matatu tofauti. Tunapotezeana muda na pesa za watu.

Kutoka: Mzee wa Mwanga (Hamburg)

Wanangu, hamjambo.

Binti, mimi ningeanza kwa kumfundisha huyo afisa historia, na ningeiambatisha kwenye faili kwa maandishi, kwa utulivu, ukurasa mmoja. Tatizo lake si cheti. Tatizo ni kwamba anatazama ramani na kuona majina mawili, hajui yalipataje kuwa mawili.

Ujiji ndio mkubwa kwa umri. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Februari 1858 walikuta mji una soko, una wafanyabiashara wa pwani, una watu wa kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Hapo ndipo ilipoishia njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora. Pembe za ndovu zilipita, na watu waliofungwa minyororo walipita pia. Hilo tusilifiche tunapojisifia mji wetu. Stanley alipomkuta Livingstone pale 1871 hakuwa amegundua kitu, alikuwa ameulizia njia kwa watu wanaoijua. Wamanyema waliovuka ziwa wakabaki, Wajiji, Waha walioshuka kutoka milimani, Wabembe, Waarabu, wote hao ndio Ujiji. Mtu akikuuliza kabila la Ujiji, mwambie akae kitako.

Kigoma ni ya reli. Wajerumani walianza kujenga kutoka Dar es Salaam 1905, wakafika Tabora 1912, na ziwani Februari 1914. Ni karibu kilomita 1,250. Kwa nini hawakuishia Ujiji, mji uliokwishakuwepo? Kwa sababu ya maji. Ufuko wa Ujiji uko wazi kwa mawimbi na kina chake ni kidogo, meli kubwa haiwezi kufunga. Ghuba ya Kigoma ni ya kina na imekingwa na vilima. Wakajenga stesheni ile tunayoijua, wakajenga bandari, na ofisi zikafuata reli. Ujiji ikabaki na watu na misikiti, Kigoma ikabaki na mihuri. Kati yao hazifiki kilomita kumi, na zimejaa nyumba mwanzo hadi mwisho.

Meli yetu ya Liemba nayo ilitoka huku Ujerumani niliko, mji wa Papenburg. Ilipakiwa kwa vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, ikapandishwa treni, ikaunganishwa Kigoma, ikaelea 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha isitekwe. Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Babu zetu wameipanda, baba zetu wameipanda, na sisi tumeipanda kwenda Kasanga.

Andika hayo, binti. Afisa mwenye akili atakuelewa.

Kutoka: Bwana Reli (Birmingham)

Shikamoo mzee. Nina nyongeza, na ni muhimu: Wabelgiji ndio waliotangulia kuiibua Liemba, lakini dhoruba ikaizamisha tena. Waingereza walikuja baadaye. Wabelgiji walikuwa na bandari yao pale Kigoma, tusiwafute.

Kuhusu dada: nakubaliana na historia ya mzee, sikubaliani na njia yake. Ofisi za huku hazisomi insha. Wanataka karatasi yenye nembo. Mimi ningechapa ukurasa wa ripoti ya Sensa ya 2022 unaoonyesha Manispaa ya Kigoma/Ujiji kama halmashauri moja yenye kata zake, Rusimbi, Kitongoni, Kasingirima, Gungu, Mwanga Kaskazini, zote ndani. Hiyo ni hati ya serikali, imechapishwa, haina ndugu ndani yake.

Kutoka: Mzee wa Mwanga (Hamburg)

Marahaba. Wabelgiji nawajua vizuri. Niliandika kwa kifupi kwa sababu binti ana haraka.

Kutoka: Chumvi ya Uvinza (Oslo)

Sensa nzuri, ila dada atahitaji iseme kuhusu mwaka aliozaliwa, si 2022. Afisa akikaza atauliza hivyo hivyo: je, wakati huo zilikuwa moja?

Na niseme linaloniuma. Huku tunaulizwa tumezaliwa wapi, na nyumbani tunaulizwa vilevile. Nilipokwenda kufuatilia namba ya kitambulisho, dirishani nilitakiwa nilete vyeti vya babu. Mwenzangu wa Moshi niliyekuwa naye foleni moja hakuulizwa chochote. Kisa jina langu la ukoo lipo Burundi pia. Mkoa wetu umepokea wakimbizi wa 1972, wa 1993, wa vita vya Kongo, Nyarugusu ipo tangu 1996 na bado ina watu. Tumewagawia ardhi, kuni na maji. Malipo yake yawe kushukiwa sisi wenyewe kwamba si Watanzania? Babu yangu alichemsha chumvi pale Uvinza kabla nchi haijaitwa Tanganyika.

Kutoka: Dada wa Katubuka (Houston)

Kaka, umesema la kwangu. Na ndiyo maana nawaambia wanaoshabikia kuchukua uraia wa huku: fikirini mara mbili. Sheria ya Uraia ya 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ukichukua wa huku umeuacha wa nyumbani. Hilo la hadhi maalum, wanayopewa wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje, halikurudishii uraia.

Kutoka: Mtoto wa Kibirizi (Toronto)

Hadhi maalum ni hatua. Miaka yote tumelia, sasa kuna mlango, mnaupiga teke.

Kutoka: Dada wa Katubuka (Houston)

Mlango wa uani, kaka. Mimi nyumba ni ya baba yangu.

Kutoka: Mama wa Bangwe (Aarhus)

Naomba nirudi kwa Binti Ujiji kidogo, ingawa mimi sina jibu la barua.

Nilipoomba ukaazi, afisa wangu hakujua Kigoma, lakini alijua Gombe. Alijua Jane Goodall alifika pale Julai 1960, alijua na majina ya sokwe. Nikamwambia, hao wote walipita mjini kwetu. Mashua za Gombe zinaondokea Kibirizi, na hifadhi iko kama kilomita 16 tu kaskazini. Akafungua ramani, akaona, faili likasogea. Nilifurahi siku ile, kisha baadaye moyo ukaniuma. Gombe ni hifadhi ya taifa tangu 1968, Mahale tangu 1985, na mimi nimekulia Bangwe bila kukanyaga hata moja. Nauli ya mashua, kiingilio, muda, mama yangu angetoa wapi? Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto walianza kufuatilia sokwe wa Mahale 1965. Wamewajua sokwe wetu kwa sura kabla watoto wetu hawajawaona.

Hifadhi yetu sisi ilikuwa kivuli. Miembe ya Barabara ya Lumumba, ambapo ungeweza kutembea saa saba mchana bila kuungua. Miembe ya Ujiji pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone, wazee wakicheza bao. Mwanga Senta, mpira asubuhi, mkutano wa siasa jioni. Na ufuko, ambao haukuwa na lango. Kila nikiona bustani za huku, mabenchi, bembea, nyasi zinazokatwa na halmashauri na hakuna anayemfukuza mtoto, nasema manispaa yetu yenye watu zaidi ya 230,000 na ziwa lenye kina cha mita 1,470 inashindwaje kutenga kipande kimoja cha ufuko kikawa bustani ya watu wote, bure? Diwani yeyote akisoma hapa ajue sisi tulio nje tungechangia. Mimi ningechangia wa kwanza.

Kutoka: Mtoto wa Kibirizi (Toronto)

Mama, ufuko wa kwetu ulikuwa na lango la dagaa. Asubuhi huwezi kupita bila kuruka yaliyoanikwa mchangani, na ukikanyaga unasikia matusi ya Kiha na ya Kibembe kwa pamoja. Usiku giza likikolea zile taa za wavuvi zinajipanga ziwani hadi unapoishia upeo wa macho. Mwezi mkubwa ukitoka, wavuvi wanapumzika, na mji mzima unajua wiki hiyo mboga itapanda bei.

Kuanzia 2020 maji yalipanda sana, pale nilipojifunzia kuogelea nilikuta ni kina. Na 2024 serikali ilipofunga uvuvi miezi mitatu, Mei hadi Agosti, dada yangu anayeuza dagaa alikaa bila kazi. Ziwa lilihitaji kupumzika, sibishi, samaki walikuwa wamepungua kweli. Ila mama wa chanja naye ana watoto wa shule.

Kutoka: Binti Ujiji (Leicester)

Ahsanteni wote. Mzee, maelezo yako nimeyachapa. Mama amekwenda manispaa, wamemwambia mambo ya kuzaliwa ni ya RITA. Ofisi ya wilaya wamemwambia mambo ya mipaka ya mji ni ya manispaa. Anarudi Jumatatu na mjomba. Kama kuna mtu ameshaiona barua ya aina hii kwa macho yake, anitumie picha, hata afute jina.

Kutoka: Bwana Reli (Birmingham)

Dada, mjomba aombe kuonana na mkurugenzi mwenyewe, asiishie dirishani. Na achukue nakala ya pasipoti yako na ya barua ya ofisi ya huku, ili waone wanajibu nini.

Mzee, umesikia kuhusu reli? Mkataba wa kipande cha SGR (reli ya kisasa) cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Ninachoombea ni stesheni ya Mjerumani isiguswe.

Kutoka: Mzee wa Mwanga (Hamburg)

Isiguswe kabisa. Na Liemba irudi majini. Watu wa Kirando, Kipili na Kasanga waliitegemea, na barabara ya huko sisi tunaijua.

Kutoka: Dada wa Katubuka (Houston)

Reli ya kisasa ije na mabehewa ya mizigo ya kina mama, wasije wakaambiwa dagaa wananuka.

Kutoka: Mama wa Bangwe (Aarhus)

Kuna mtu anatoka Kigoma mwezi ujao? Naomba mawese lita tano na migebuka ya kukaushwa. Mawese yafungwe kwenye dumu jipya, kifuniko kizungushiwe utepe, na yaingie begi la kupakiwa, si la mkononi. Migebuka yangu ya mwisho ilichukuliwa uwanja wa ndege kwa sababu haikuwa na lebo, kwa hiyo muuzaji aandike jina la samaki na uzito. Nauli ya mzigo nitatuma kabla.