Nimeanza metformini, tumbo halitulii kabisa. Nyie mlivukaje hiki kipindi?

mgeni_wa_sukari:
Habari zenu wapendwa. Nimegundulika na sukari aina ya pili hivi karibuni, daktari akanianzishia metformini ya 500 mg, wiki ya kwanza kidonge kimoja jioni halafu baada ya hapo kimoja asubuhi kimoja jioni. Kile kimoja cha jioni nilikimudu vizuri tu, ila tangu nimepandisha dozi hapo ndo balaa limeanza, tumbo linanguruma, naharisha, gesi haziishi, chakula nikinusa tu kichefuchefu na mdomoni nasikia ladha ya chuma muda wote. Kazini napanga safari zangu zote kwa kuangalia choo kiko wapi. Asubuhi nameza kabla ya kula chochote ili nisisahau.

Dada yangu ananiambia niache eti mwili umeikataa dawa. Mimi kuacha sitaki, baba yetu sukari ilimtoa mguu na tuliona wote alivyoteseka, na vilevile naona dawa inafanya kazi maana asubuhi kwenye mashine nilikuwa nasoma 12 na zaidi (mmol/L) sasa hivi inacheza kwenye 8 au 9. Ila hali hii nayo inanichosha mno. Je inaisha yenyewe? Mlikuwa mnafanyaje? Na kuna kitu kingine, macho yamekuwa na ukungu nikisoma simu, sijui nayo ni dawa?

tulia_kwanza:
Pole sana ndugu yangu, hayo unayoyasema nimeyapitia yote mpaka hiyo ladha ya chuma. Kwa wengi huwa inapungua ndani ya wiki chache mwili ukishazoea, kwa hiyo usikate tamaa mapema.

La kwanza kabisa, hicho kidonge cha asubuhi usimeze tumbo likiwa tupu. Na ukisema "baada ya kula" isiwe saa nzima baadaye, mimi nameza katikati ya chakula kabisa, nakula nusu, nameza, namalizia. Kwangu hilo peke yake lilibadilisha mambo mengi. Kama asubuhi huwa huli kitu cha maana muulize daktari kama kidonge hicho kinaweza kuhamia kwenye mlo mwingine. Halafu kwa kipindi hiki punguza vyakula vyenye mafuta mengi na milo mikubwa ya mara moja, kula kidogo kidogo, maana chakula kizito cha mafuta juu ya metformini ni kujitafutia kichefuchefu. Maji kunywa, ukiharisha unapoteza maji na chumvi na uchovu unaousikia mwingine unatokea hapo hapo.

La pili, mpigie daktari umwambie ukweli wote, hata huko kuharisha, usione aibu. Kuna mambo mawili anaweza kufanya. Anaweza kukurudisha kwenye kidonge kimoja kwa wiki moja au mbili halafu mkapanda tena taratibu, hakuna mbio hapa. Au anaweza kukubadilishia uende kwenye metformini ile inayoachia dawa polepole, kwenye boksi huwa imeandikwa XR au SR, dawa ni ileile ila haimwagiki tumboni yote kwa wakati mmoja na watu wengi tumbo lao linaipokea vizuri zaidi. Hiyo ukipewa meza nzima, usikate wala kusaga wala kutafuna. Na ukiona kama ganda la kidonge limetoka kwenye haja kubwa usishtuke, dawa imeshaingia mwilini, kilichotoka ni ganda tu.

njia_yangu:
Mi nashauri siku za kazi uruke kidonge cha asubuhi, unameza wikendi ukiwa nyumbani. Unapata amani kazini.

nesi_wa_jioni:
Hapana jamani, hilo la kuruka ruka tusimshauri mtu. Metformini hujikusanya kwenye ukuta wa utumbo kwa wingi kuliko hata kwenye damu, ndo maana tumbo ndo linalalamika kwanza, na utumbo unazoea kwa kuipata dawa kila siku kwa kiwango kilekile. Ukimeza wikendi ukaacha Jumatatu mpaka Ijumaa tumbo linaanza upya kila mara, na sukari nayo inapanda na kushuka, na daktari akiangalia vipimo anadhani dawa haitoshi anaongeza nyingine. Kama dozi imekushinda punguza kwa makubaliano na aliyekuandikia, siyo kimyakimya.

Ila niseme na upande wa pili maana kuvumilia nako kuna mwisho. Kuharisha mara mbili tatu huku unakula na kunywa vizuri ni usumbufu. Lakini ukitapika au ukiharisha kiasi kwamba maji hayakai tumboni, au una homa kali na huli, metformini inabidi isimamishwe kwa muda na uwasiliane na kituo chako siku hiyohiyo, kwa sababu mwili ukikaukiwa maji figo zinashindwa kuitoa dawa na hapo kuna hatari ya asidi kujaa kwenye damu. Ni jambo la nadra sana lakini likitokea ni kubwa. Ukiona unapumua haraka haraka, misuli inauma bila sababu, mwili umepoa, usingizi mzito usioeleweka, nenda hospitali usisubiri kesho. Pombe nyingi nayo inaongeza hatari hiyohiyo.

Uliza pia kama wamekupima figo kabla ya kukuanzishia, ni kipimo cha damu cha kawaida, figo zikiwa chini sana (eGFR, yaani kipimo cha jinsi figo zinavyochuja damu, chini ya 30) dawa hii haitumiki. Na siku ukiambiwa unaenda kupigwa picha ya CT yenye kuchomwa dawa ya kung'arisha mishipa, sema mapema kwamba unatumia metformini. Ukija kuitumia miaka mingi kumbusha wapime vitamini B12, huwa inashuka polepole na dalili yake ni ganzi miguuni ambayo watu wanaidhania ni sukari.

mgeni_wa_sukari:
Asanteni sana, kwa kweli nimepumua. Leo nimemeza katikati ya chakula kama alivosema tulia_kwanza, na nimeshapiga simu kliniki, wamenipa nafasi ya kuongea na daktari wiki hii. Swali jingine, kuna saa natetemeka na jasho linanitoka na moyo unaenda mbio, nikipima nakuta 6. Si ndo sukari kushuka hiyo? Nilikunywa soda haraka nikakuta imepanda mpaka 13.

nesi_wa_jioni:
6 siyo kushuka. Mwili wako umezoea kukaa juu muda mrefu, sasa ukiteremka kwenda kiwango cha kawaida unapiga kengele ya uongo, dalili ni za kweli unazisikia lakini hatari haipo. Kaa chini, tulia, kama muda wa mlo umefika kula, soda hapana. Itaisha mwili ukizoea.

Kushuka kwenyewe ni chini ya 3.9 (wenye mashine zinazosoma kwa mg/dL ni chini ya 70). Hapo ndo unachukua gramu 15 za sukari ya haraka, yaani kama nusu glasi ya juisi au vijiko vitatu hivi vya chai vya sukari kwenye maji, unasubiri dakika 15 unapima tena. Metformini ikiwa peke yake ni nadra kukufikisha huko. Lakini angalia vizuri kama hukupewa na kidonge kingine cha pembeni, glibenklamidi, gliklazidi, glimepiridi au sindano ya insulini, hizo zinashusha kweli na ukiwa nazo usiruke mlo.

mama_wa_pacha:
Naongezea kuhusu macho maana naona limepitwa. Mimi niliambiwa na daktari wa macho kwamba sukari ikikaa juu lenzi ya jicho inabadilika umbo, ikianza kushuka lenzi inabadilika tena, kwa hiyo ukungu wa siku za mwanzo mara nyingi ni hilo na unatulia baada ya wiki kadhaa. Usikimbilie kununua miwani sasa hivi, utapimwa leo na baada ya muda haitakufaa. Lakini kipimo cha macho cha nyuma ya jicho kifanye mapema, kwa sisi wa aina ya pili kinatakiwa pale tu unapogundulika kwa sababu unaweza kuwa umekaa na sukari miaka bila kujua. Na ukiona vidoti vyeusi vingi vinaelea ghafla, au kama pazia limeshuka upande mmoja, hiyo nenda siku hiyohiyo, hiyo siyo dawa.

tulia_kwanza:
Na ukienda kwa daktari beba vile unavyosoma kwenye mashine, andika na saa uliyokula, saa uliyomeza na tumbo lilianza saa ngapi. Akiona hivyo anajua kama tatizo ni kidonge cha asubuhi tu au ni dozi yote. Utujulishe alichoamua.