Kijana wa 2000 ananichanganya dukani, naombeni ushauri

Mama Steshenari
Wakuu, habari za jioni. Nina steshenari ndogo hapa Morogoro. Nimemchukua mtoto wa dada yangu, miaka 19, anisaidie. Nikajua nimelamba dume, maana kwa simu anakata video, anaweka muziki na maandishi kabla chai haijapoa. Kwenye kompyuta sasa, balaa. Mteja kaleta barua kwenye flashi, kijana kairekebisha, kaseivu, halafu hajui imekwenda wapi. Jana cheti cha mtu kakipiga picha badala ya kukiskani, kajitumia WhatsApp, kaprinti: muhuri hausomeki. Simu ya duka ikiita anaitazama mpaka ikatike, ndipo anaandika "niambie". Ni uvivu, au ndivyo walivyo?

Fundi Kishoka
Si uvivu, dada. Kakulia kwenye simu, na simu haimwonyeshi faili limekaa wapi. Sisi tulijifunzia intaneti kafe, ukikosea folda kazi imepotea na muda unalipia. Mmarekani Marc Prensky alipoandika mwaka 2001 kwamba watoto wa siku hizo ni wenyeji wa dunia ya dijitali, hata iPhone ilikuwa haijatoka (ni ya 2007), ila watu wakabeba kwamba mtoto wa skrini anajua kila kitu. Mfungulie folda ya kila siku, ndani yake jina la mteja. Cha kwenye flashi akinakili kwanza kwenye mashine ndipo akifungue. Na WhatsApp hubana picha, kwa hiyo atume kama dokumenti.

binti_moro
Shikamoo anti. Mimi wa 2003, simu yangu iko sailensi toka asubuhi. Mtu akipiga ghafla ujue kuna msiba au anadai 😂 Meseji unajibu ukiwa umejipanga.

Mzee Kigoda
Acheni kumdekeza. Mteja wa Mvomero hana bando la kuchati, anapiga. Asipopokelewa anaenda duka la pili.

binti_moro
Hata shikamoo yangu haijaitikiwa mzee 😅 Na wanachuo wanaotuma PDF saa sita usiku, nani anawajibu?

Mama Steshenari
Marahaba mwanangu. Hapo kweli, wanachuo wameongezeka na ni yeye anayewajibu. Folda tunaanza kesho. Simu ya duka atapokea, hilo sibadilishi, yake abaki nayo sailensi. Fundi, yaliyozagaa kwenye dekstopu tangu mwezi jana nayapangaje?

Fundi Kishoka
Yapange kwa tarehe, yote yaingie folda moja. Usifute kitu kabla wiki mbili hazijapita.