Kaka aliuawa na sukari au na korona? Naomba hesabu, si matusi

Mtoto_wa_Pili:
Wakuu habari za jioni. Naleta jambo la kifamilia, ila nadhani liko kwenye nyumba nyingi.

Kaka yangu alifariki Agosti 2021, miaka 51. Sukari aliishi nayo miaka kumi na minne: dawa anameza, kliniki hakosi, kazini anakwenda. Kikohozi kilianza Jumanne, Jumatatu iliyofuata tukamzika. Kipimo kilionesha korona, karatasi ya hospitali imeandikwa nimonia.

Baba mdogo ni msomi na simvunjii heshima, lakini mpaka leo anashikilia kwamba kaka alikufa akiwa na korona, hakufa kwa korona. Anasema Machi 2020 mkuu wa WHO alitaja vifo 3.4%, baadaye ikaonekana ni chini sana ya hapo, kwa hiyo tulitishwa. Anasema 2009 mafua ya nguruwe nayo yaliitwa janga na hatukuona kitu. Na anauliza, "Ukiondoa wazee na wenye sukari, hicho kirusi kimemuua nani?" Hilo la mwisho hulisema mjane akiwa amekaa palepale.

Sitafuti wa kunifariji. Huku mitandaoni huyu anasema mafua tu, yule anasema kiama. Nani anajua kuhesabu?

Chaki_Nyeupe:
Pole sana mkuu. Nafundisha hesabu, hili nimeligombania sana.

Ile 3.4% ilikuwa ya wagonjwa walioripotiwa, na mkuu wa WHO mwenyewe alilitamka neno hilo, "walioripotiwa". Vipimo vilikuwa haba, akipimwa zaidi aliyezidiwa. Gawanya vifo kwa waliozidiwa, utapata namba ya kutisha. Anza kupima na wasio na dalili, kigawanyo kinavimba na asilimia inashuka, wakati kirusi ni kilekile. Kwenye meli ya Diamond Princess, Februari 2020, walipima karibu kila mtu: watu 3,711, wakaambukizwa 712, na karibu nusu yao hawakuwa na dalili siku ya kupimwa. Waliokufa hawakufika 2 kwa kila 100, na abiria wengi walikuwa wazee.

Upande wa "mafua tu" nao ulikoroga. Aprili 2020 huko Santa Clara, California, walipimwa kingamwili (alama kwenye damu kwamba mtu aliwahi kuambukizwa) watu 3,330, wakapatikana nazo 50. Watafiti wakatangaza kwamba walioambukizwa ni mara 50 hadi 85 ya waliojulikana, kwa hiyo kirusi ni dhaifu. Sasa piga hesabu: kipimo kikikosea mtu mmoja tu katika kila 100 wazima, kinakuletea kama 33 wa uongo. Katika 50!

Mimi hoja inayonitosha ni Peru. Mwisho wa Mei 2021 walirekebisha idadi ya vifo vyao kutoka takriban 69,000 hadi zaidi ya 180,000. Nchi ina watu kama milioni 33. Hata ukisema nchi nzima iliambukizwa, mpaka kichanga, bado umeshapita 0.5%. Mafua ya msimu huwekwa kwenye 0.1% hivi. Hapo sijagusa kipimo chochote, nimegawanya makaburi kwa watu.

Bendera_Kinyume:
Nimtetee mzee kidogo. Kuna makadirio ya 2020 ya vifo kwa walioambukizwa, yaliyopangwa kwa umri: mwenye miaka 25 ni 0.01%, wa 55 ni 0.4%, wa 75 ni 4.6%, wa 85 ni 15%. Ukiyachanganya yote ukatoa asilimia moja ya taifa, umemdanganya kijana na bibi yake kwa pamoja. Waliouliza swali la umri mapema waliitwa wauaji. Hasira ya baba mdogo mimi naielewa, ingawa mbele ya mjane asingeisema.

Chaki_Nyeupe:
Hapo kwenye umri sina ubishi na wewe.

Nesi_Zamu_ya_Usiku:
Mleta mada, pole mdogo wangu. Hayo ya 2009 yaani watu hukumbuka nusu. Vifo vilivyothibitishwa maabara vilikuwa kama 18,500, lakini waliokuja kukadiria baadaye walipata kati ya 151,700 na 575,400, na wengi walikuwa chini ya miaka 65. Kutoona si kutokuwepo.

Halafu ukali si asilimia peke yake. SARS ya 2003, homa kali ya mapafu, iliua 774 katika wagonjwa 8,098, karibu mmoja kwa kumi, na ikazimwa. Korona iliua sehemu ndogo ya iliowapata, ila iliwapata karibu wote. WHO walipolinganisha vifo vya 2020 na 2021 na miaka ya kawaida, walikuta ziada ya milioni 14.9. Sukari ilikuwepo miaka yote, mbona mazishi yaongezeke ghafla? Na mgonjwa yuleyule, oksijeni ikiwepo anarudi nyumbani, ikikatika kama huko Manaus, Brazili, Januari 2021 anakufa. Sasa asilimia ya kirusi hapo ni ipi?

Nikuulize: hiyo karatasi uliisoma mistari yote? Fomu ya daktari ya sababu za kifo huwa na mnyororo. Juu ni kilichommaliza, chini yake ni kilicholeta hicho. Magonjwa yaliyochangia yana sehemu yake peke yake, huko chini kabisa. Nimonia ya mstari wa juu haijatokea hewani.

Mtoto_wa_Pili:
Dada nesi, nimeitoa kwenye faili usiku huu. Juu: nimonia. Mstari wa pili kuna mwandiko uliojikunja ambao miaka yote hii nilidhani ni saini. Nimeumulika kwa tochi ya simu, ni korona. Kisukari kiko kule chini, sehemu ya peke yake, kama ulivyosema.

Mwalimu, hiyo ya Peru nimeinakili kwenye daftari. Jumamosi namfuata baba mdogo kwake, tukiwa wawili tu. Shemeji simwambii bado.