Kikundi cha Ukoo: Safari ya Longonot Baada ya Mahafali

Salma (Nairobi): Assalaam aleikum jamaa wote, wa mtaa wa Langoni huko Lamu na wa ng'ambo. Kwa kuwa mahafali ya Rukia yatafanyika Ijumaa na ndege ya kurudi Lamu ni ya Jumatatu, tutabakiwa na Jumapili nzima isiyo na shughuli, na siku nyingi mmekuwa mkinisihi niwaonyeshe milima ya bara. Wakala mmoja wa utalii hapa mjini ameniletea mpango wa siku moja hadi Mlima Longonot, ulio kiasi cha kilomita 90 kaskazini-magharibi mwa Nairobi, pamoja na gari la viti 14, dereva na mwongozaji. Kabla sijamjibu, ningependa kila mmoja aseme anachokitaka.

Khalid (Muscat): Waaleikum salaam, dada Salma. Ikiwa nitatoka Muscat hadi Nairobi, basi mimi nautaka Mlima Kenya wenyewe, wenye theluji. Huo Longonot sijapata kuusikia.

Salma: Khalid, ndugu yangu, Mlima Kenya una urefu wa mita 5,199 na haupandwi kwa siku moja, kwa hiyo ungekuwa ni wa kutazamwa tu. Kutoka hapa hadi Nanyuki ni takriban kilomita 200, nasi tukiondoka alfajiri tutafika wakati mawingu yamekwisha kuufunika, kwa sababu mlima huo huonekana vizuri kuanzia mapambazuko hadi kiasi cha saa tatu au saa nne asubuhi, kisha hujifunika siku nzima. Anayetaka kuuona hulala Nanyuki na kuamka mapema. Ama theluji yenyewe, barafu iliyobaki kileleni ni kidogo sana na inazidi kuyeyuka mwaka baada ya mwaka. Longonot una mita 2,776, hauna theluji hata chembe, lakini ni volkano yenye shimo kubwa katikati, na mtu huweza kusimama ukingoni akaliona shimo lote chini yake, msitu ukiwa umeota ndani, na upande wa pili akaliona Ziwa Naivasha.

Khalid: Nimekubali, ingawa kwa shingo upande.

Ami Nahodha: Salma mwanangu, mimi nimewachukua wageni kwa mashua kwenda kwenye magofu ya Takwa na kisiwa cha Manda Toto tangu hujazaliwa, na ninajua kwamba neno "kila kitu kimejumuishwa" ndilo linalohitaji kuulizwa kuliko maneno mengine yote. Muulize huyo wakala kama kiingilio cha hifadhi kimo ndani ya bei au kitadaiwa langoni, kama chakula ni chakula au ni tunda na pakiti ya biskuti, na kama mwongozaji atapanda mlima pamoja na watu au atabaki kivulini na dereva akisubiri. Muulize vilevile kama ana leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, na kama mwongozaji wake ana beji ya chama cha waongozaji, ile ya shaba, ya fedha au ya dhahabu, kwani hiyo hupatikana kwa mtihani. Asiye na chochote cha kuonyesha hukasirika akiulizwa. Mwenye nacho hufurahi.

Salma: Ahsante, Ami. Nimemuuliza na amejibu bila kukasirika. Leseni ameituma, na mwongozaji ana beji ya fedha. Kiingilio hakimo ndani ya bei, na hapo ndipo penye jambo linalomhusu Khalid. Malipo ya hifadhi za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori hufanywa kwa mtandao wa serikali wa eCitizen, wala langoni hawapokei fedha taslimu. Raia hulipa kiasi chake kwa kuonyesha kitambulisho, lakini mwenye pasipoti ya nchi ya mbali hulipa kama mgeni, kwa kiwango cha dola, hata kama kitovu chake kimezikwa Mkomani, Lamu. Khalid, pasipoti yako ni ya Oman, kwa hiyo usije ukashangaa.

Khalid: Nilizaliwa Lamu, nikasoma Lamu, nami nitahesabiwa mgeni mlangoni pa mlima. Haya, nitalipa.

Shangazi Zuhura: Mimi swali langu ni moja tu. Kutoka lango hadi huo ukingo ni umbali gani?

Salma: Ni kilomita 3.1, shangazi. Ukiamua kuuzunguka ukingo wote unaongeza kilomita 7.2, kisha unateremka kwa njia uliyopandia.

Shangazi Zuhura: Kilomita tatu ni Shela hadi Lamu mjini, njia ninayokwenda kwa miguu kila ninapokwenda kumtazama mwanangu. Basi nitapanda.

Salma: Urefu ni huo huo, shangazi, lakini ile njia ya pwani ni tambarare na hii ni ngazi kwa ngazi. Sehemu za juu zina mwinuko mkali, udongo wake ni majivu ya volkano yaliyosagika, na mvua imechimba makorongo ambayo mtu hulazimika kuyavuka kwa kutanua hatua. Tena lango lenyewe limo juu kuliko Nairobi, na Nairobi imezidi mita 1,700, ilhali sisi tumezoea kupumua hewa ya usawa wa bahari. Watu wazima wenye afya hufika ukingoni kwa muda wa saa moja hadi saa moja na nusu. Wewe ungepanda hadi hapo, ukapumzika, ukatazama, ukateremka taratibu, na vijana waendelee na mzunguko. Nimefurahi kwamba mnafika Jumatano, kwa kuwa mapafu yatakuwa na siku kadhaa za kuizoea hewa ya bara.

Mama Talib: Talib ana pumu, na kila jioni ananiuliza kuhusu huo mlima. Vumbi hilo la majivu linanitia hofu.

Salma: Hofu yako ni ya haki. Mwezi wa Julai ni mkavu, na watu 20 wakipita mbele yako, vumbi linabaki hewani kama unga. Ningependa Talib aende na kundi la wazee, na jambo hilo la makundi mawili ndilo nililotaka kulieleza tangu mwanzo. Ukoo wetu una watu wanaotaka kupanda na watu wanaotaka kutazama, na safari nyingi za siku moja huharibika kwa sababu wote hutiwa katika mpango mmoja: vijana wanapanda wakiwa na wasiwasi kwamba wazee wanasubiri, na wazee wanakaa langoni kwa muda wa saa tano wakitazama lori zikipita barabarani. Pendekezo langu ni kwamba gari liwashushe wapandaji Longonot saa mbili asubuhi, kisha liendelee na wengine hadi Hifadhi ya Hell's Gate, upande wa kusini wa Ziwa Naivasha, mwendo wa kama saa moja. Huko gari linaingia hadi ndani na kupita katikati ya kuta za miamba mirefu, na mzee asiyetaka kushuka haoni hasara. Upo mnara wa jiwe unaoitwa Fischer's Tower, wenye kimo cha mita 25, ambao ni kiini cha volkano ya kale kilichobaki kimesimama baada ya udongo uliokizunguka kumomonyoka. Pundamilia na twiga hula majani karibu na barabara, na mbele zaidi mtaona mvuke ukitoka ardhini Olkaria, mahali ambapo umeme wa joto la chini ya ardhi umekuwa ukizalishwa tangu mwaka 1981, na sasa ni sehemu kubwa ya umeme wa nchi hii.

Bibi (anaandikiwa na Rukia): Mimi nimechagua hilo gari. Miguu yangu ilikwisha kazi yake zamani, lakini macho bado. Je, hao wa Hell's Gate hawatatutaka tupande mashua ziwani? Nimesikia kila aendaye Naivasha hupandishwa mashua.

Ami Nahodha: Mama, mtu wa Lamu atoe fedha apelekwe bara akapande mashua? Jambo hilo halitatokea nikiwa hai.

Salma: Mashua imo katika mpango wa wakala, Bibi, nami nimemwambia aiondoe na bei apunguze. Amepunguza.

Rukia: Dada Salma, je, wale wanaokwenda Hell's Gate wataruhusiwa kuingia lile korongo jembamba? Nimeona picha zake ni nzuri sana.

Salma: Korongo la Ol Njorowa ni zuri, lakini mimi sitawapeleka wazee humo wala mtoto. Mvua inaweza kunyesha mbali, juu angani pakiwa peupe, na maji yakashuka ghafla katikati ya kuta ambazo hazina pa kukimbilia. Watu wamepoteza maisha kwa njia hiyo. Julai si mwezi wa mvua nyingi, lakini kundi letu litabaki barabarani.

Maalim Abdulrahman: Na sala ya adhuhuri, je? Walio ukingoni watakuwa juu ya mlima wakati huo.

Ami Nahodha: Maalim, wewe ndiwe wa kutufundisha hilo! Sisi tutakuwa wasafiri, tutakusanya adhuhuri na alasiri tukiteremka. Naivasha mjini pana misikiti.

Maalim Abdulrahman: Niliuliza ili vijana wasikie.

Salma: Sasa nieleze mambo ya kuchukua, kwa sababu juu ya mlima hakuna duka wala bomba. Kila mpandaji abebe lita mbili za maji, lakini msinunue chupa za plastiki za dukani. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi zote za taifa, na askari wa wanyamapori hukagua mikoba langoni. Leteni chupa za chuma au zile ngumu za kujazwa tena, na vyakula vitiwe katika vyombo vyenye vifuniko. Viatu viwe vya michezo, vyenye meno. Makubadhi na champali zibaki nyumbani kwangu, hata kama ni mpya na zinalingana na nguo za mahafali.

Shangazi Zuhura: Na buibui?

Salma: Shangazi, upepo wa ukingoni ni mkali, na njia ya huko juu mahali pengine ni nyembamba, ina mteremko kushoto na kulia. Buibui pana litajaa upepo na pindo lake litakanyagwa wakati wa kupanda. Wanawake wengi wa Kiislamu ninaopanda nao huvaa suruali pana na juu yake gauni linaloishia magotini, na mtandio wa pamba uliofungwa ukakazwa, kwani wa hariri huteleza. Chukueni pia sweta, kwa kuwa asubuhi ya Julai hapa ni baridi ambayo huko kwetu haipo hata wakati wa kusi.

Khalid: Wakala anasema kituo cha kwanza kitakuwa mahali pa kutazamia Bonde la Ufa, asubuhi, kabla ya mlima. Hilo limenipendeza.

Salma: Hapo ndipo nilipobishana naye. Mwezi wa Julai, ukungu hulala juu ya Limuru na Kinale, kwenye barabara ya juu, asubuhi nzima, na anayesimama ukingoni mwa bonde saa moja na nusu huona weupe mtupu na wauzaji wa ngozi za kondoo. Nimemwomba twende kwa barabara ya chini, ya Mai Mahiu, ambayo inapita karibu na lango la Longonot na ambayo kando yake mtaona lile kanisa dogo lililojengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitaliano waliokuwa wakichonga barabara hiyo. Kisha turudi kwa barabara ya juu kutoka Naivasha, tukatazame bonde alasiri. Mwongozaji amenikumbusha, na amesema kweli, kwamba alasiri jua litakuwa machoni petu na picha hazitakuwa nzuri kama za asubuhi isiyo na ukungu. Nimeona heri bonde lenye jua machoni kuliko bonde lisiloonekana.

Bibi (anaandikiwa na Rukia): Barabara ya juu ndiyo yenye Soko Mjinga, wanakouza viazi na karoti?

Salma: Ndiyo, Bibi.

Bibi (anaandikiwa na Rukia): Basi nitanunua gunia.

Ami Nahodha: Mama, hiyo ndege haichukui gunia. Nunua kikapu.

Mama Talib: Limebaki jambo moja, Salma. Mwongozaji ni mmoja na makundi ni mawili. Atakwenda na nani?

Salma: Ni swali zuri, na wakala alitaka aende na gari la wazee, kwa sababu ndiko kwenye barabara nyingi. Nimekataa. Wazee wana dereva anayeijua Hell's Gate, na Ami Nahodha atakuwa pamoja nao. Wapandaji ndio wanaohitaji mtu anayejua mahali nyati hupita, anayeona mapema kwamba mtu amechoka kabla mwenyewe hajakiri, na anayeweza kusema "turudi" akasikilizwa na vijana. Mwongozaji atapanda. Shangazi akitosheka ukingoni, atateremka na mmoja wa vijana, na pale langoni pana mahali pa kukaa penye kivuli.

Ami Nahodha: Umenipanga na wazee bila kuniuliza, lakini umepanga vizuri.

Shangazi Zuhura: Nami naahidi nitarudi nikiambiwa nirudi. Rukia, usicheke.

Salma: Hesabu yangu ni wapandaji wanane na wa gari watano, jumla 13, na pamoja na mwongozaji viti vya abiria vimejaa vyote 14, kwa hiyo asiongezeke jirani wala rafiki wa jirani. Tutaondoka nyumbani kwangu saa kumi na mbili kamili asubuhi. Mahamri na sambusa nitapika Jumamosi usiku pamoja na Mama Talib, na chai itakuwa katika chupa mbili kubwa. Kila mtu anitumie picha ya kitambulisho kabla ya Ijumaa ili nilipie kiingilio kwenye eCitizen, na aitume kwangu faraghani, si hapa kikundini. Khalid, wewe tuma ukurasa wa pasipoti wenye picha.

Khalid: Nimetuma, pamoja na cheti changu cha kuzaliwa cha Lamu, endapo askari wa lango ana huruma.