Tupeane uzoefu: tairi za pikipiki ya lami na vumbi, umefunga zipi na zinakufanyia nini?

#1
Wakuu habari za muda huu. Wenye dual spoti, zile pikipiki ndefu zenye ringi 21 mbele na 18 nyuma, naomba tuambizane ukweli wa barabarani na tuachane na picha za matangazo. Naanza mimi. Tairi zinauzwa kwa asilimia, 50/50, 80/20, yani lami kiasi gani na vumbi kiasi gani, ila hizo namba kila kampuni inajipangia yenyewe, ukiweka 50/50 ya huyu pembeni ya 50/50 ya yule unakuta meno hayafanani kabisa. Kwa hiyo mimi naangalia nafasi kati ya jino na jino. Tope linataka nafasi pana ili tairi ikizunguka ilirushe nje, meno yakibanana linajaa humo na hapo huna tofauti na mwenye kipara. Lami inataka kinyume chake, mpira mwingi uguse chini. Tairi ya kukupa vyote hamna hata muuzaji aape. Kila siku niko lami, porini ni wikiendi, nimefunga zenye meno ya wastani na nimeridhika. Haya tiririkeni.

#2
Mkuu mimi nimechanganya. Mbele Continental TKC 80 yenye meno makubwa, nyuma tairi yenye meno ya karibu karibu. Nyuma ikiteleza unaidaka, unapunguza mafuta kidogo inanyooka, ila mbele ikiondoka kwenye changarawe ushalala chini, muda wa kufikiria haupo. Halafu ya nyuma ndo inasukuma mzigo wote inaisha mapema, ukiweka meno laini ya porini na kila siku uko lami yanalika katikati tairi inakuwa bapa, kwenye kona inagoma kulala alafu inadondoka ghafla. Kwa mchanganyiko huu nabadilisha ya nyuma, mbele bado inadunda.

#3
Nyie mnaongelea vumbi, mi naongelea lami iliyolowa. Meno marefu yanajipinda yenyewe, ukilaza kona unahisi kabisa pikipiki inatembea kwa pembeni, na mpira unaogusa chini ni kidogo. Mvua ikinyesha breki ya mbele naishika mapema tena polepole. Na tairi ikiwa mpya jamani ngozi yake inateleza, ipe muda isuguke kwanza ndo uanze mambo ya kona.

#4
Wadau mbona upepo haujatajwa?? Tairi yoyote utakayotaja hapa upepo ukiwa sio inakuwa tairi nyingine. Lami najaza kipimo cha kiwanda cha pikipiki, nikiingia mchanga mwingi nashusha hadi psi 15 au 18 hivi, tairi inatanuka chini na mbele inaacha kuchimba. Sasa ringi nyingi za spoku zinatumia tyubu, ukishusha upepo alafu ukagonga jiwe tyubu inabanwa na ringi inatoboka matundu mawili yaliyoangaliana, ukiona hivyo ujue sio msumari. Lingine, tairi inajizungusha juu ya ringi inaikokota tyubu mpaka valvu inalala upande, ikiendelea inang'oka. Yangu ilianza kulala nikafunga rimu loki, kile chuma cha kubana tairi kwenye ringi, haijasogea tena. Na pampu ya mkono haitoki kwenye begi langu, ukirudi lami na upepo wa mchangani tairi inachemka na inaisha.

#5
Kaka zangu dada yenu nipo. Mimi kabla ya meno nasoma ubavuni. Tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na herufi DOT ni wiki na mwaka tairi ilipotengenezwa, 2319 maana yake wiki ya 23 ya 2019. Tairi iliyokaa stoo miaka mingi inakuwa ngumu hata kama meno yote yapo, mimi siichukui. Kuna namba ya uzito pia, 57 ni kilo 230, na herufi ya mwendo, Q ni kilomita 160 kwa saa. Mimi napakia mtu na mizigo kwa hiyo hiyo namba ya uzito kwangu inakuja kabla ya kila kitu, meno mazuri kwenye tairi isiyoweza mzigo wangu ya nini?

#1
Asante dada, hiyo ya uzito wengi tunairuka. #4 hebu nielekeze, rimu loki ulitoboa ringi au ilikuja na tundu?

#4
Ilikuja na tundu mkuu. Ila usiishie hapo, ile chuma ina uzito, ukikimbia kwenye lami gurudumu linadunda dunda. Funga vyuma vya kusawazisha kwenye spoku za upande wa pili wake, alafu nati yake usiikaze mpaka tairi ijazwe upepo ikae vizuri kwenye ringi.