Filta ya kuchuja mwanga wa mji: inafaa kwa picha za nyota Entebbe?

Nyota_Entebbe
Wakuu, naomba ushauri kabla sijatoa hela. Napiga picha za anga la usiku nikiwa nyumbani Entebbe. Kamera ya kawaida, lenzi ile ya mm 18–55 iliyokuja nayo, stendi ninayo. Nikiielekeza upande wa Kampala, wingu la rangi ya chungwa linapanda kutoka mapaani hadi katikati ya picha na nyota zinamezwa. Natamani sana kuipata Njia Nyeupe. Naona zinauzwa filta za kuchuja mwanga wa mji, za H-alfa, na za kulainisha. Nianze na ipi? Ya UV, ile ya kukinga kioo cha lenzi, ninayo na huwa haitoki.

FundiLenzi
Hiyo UV ivue usiku. Taa kali ikiingia kwenye fremu, mwanga unadunda kati ya vioo na picha inapata kidoa cha kijani.

Mama_Darubini
Mdogo wangu, zitazame kwanza taa za mtaani kwako. Zile za zamani za sodiamu, za rangi ya chungwa, mwanga wake umejikusanya kwenye rangi moja, karibu na nanomita 589 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga). Filta ya mji inakata hapo hapo na kuacha rangi nyingine zipite. Taa nyeupe za LED zinatoa karibu kila rangi, huwezi kuzikata bila kukata na nyota. Kama mtaa wenu umeshawekewa LED, filta hiyo itakusaidia kidogo tu.

H-alfa usinunue kwa ajili ya Njia Nyeupe. Ule weupe ni nyota zisizohesabika, na nyota zina rangi zote. Filta hiyo inapitisha wekundu mmoja tu unaotolewa na gesi ya hidrojeni, nanomita 656. Kazi yake ni nebula, yaani mawingu ya gesi angani, kama ile iliyo kwenye kundinyota la Mkuku. Tena kamera ya kawaida ina kioo mbele ya kihisi (kile kinachopokea mwanga ndani ya kamera) kinachozuia sehemu kubwa ya wekundu huo.

Mimi ningegeuka kusini, ziwani. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane mvua hupungua, na makundinyota ya Nge na Mshale, penye Njia Nyeupe, hupita juu, kusini kidogo ya utosi. Subiri usiku usio na mbalamwezi: 18 mm, sekunde 15, ISO 3200 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), hifadhi kwa RAW, faili ghafi ya kamera.

Mvuvi_Kalangala
Naungana na Mama. Hela hiyo panda kivuko pale Nakiwogo uje huku visiwani. Giza halina filta.

Nyota_Entebbe
Asanteni sana. Barabara kubwa ina LED, uchochoroni kwetu bado za chungwa. Na ya kulainisha je?

Mama_Darubini
Hiyo ndiyo ningekushauri uichezee. Nyota kali kwenye picha huungua zikawa nukta nyeupe zote. Filta ya kulainisha inautawanya mwanga wake, rangi inaonekana. Jaribu kwa kundinyota la Jabari: Betelgeuse itatoka nyekundu, Rigel ya samawati. Kabla ya kununua, vuta soksi nyembamba nyeusi ya kike mbele ya lenzi, ifunge kwa mpira, piga moja nayo na moja bila.

FundiLenzi
Ukiamua kununua, soma namba iliyo mbele ya lenzi kando ya alama ya duara lenye mstari. Ndiyo saizi ya filta. Ukishaifunga, fokasi upya kwenye nyota kali, maana mkono husogeza pete ya lenzi bila wewe kujua.

Nyota_Entebbe
Nimeelewa. Soksi kwanza, leo leo kama mawingu yataniruhusu. Nitaweka picha zote mbili hapa.